Kampala hadi Malaba: siku tisa za kuuliza moshi umetoka wapi

Siku ya 1. Kampala, chumba cha mizani

Safari ya kupima hewa huanzia ndani, mlango umefungwa na feni imezimwa. Mezani vimepangwa vichujio vya tefloni vyenye kipenyo cha milimita 47, vyepesi hata pumzi ya mtu inavisogeza. Ndivyo vitakavyonasa chembe laini za PM2.5, yaani zile zisizozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja una unene wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo tunachokitafuta jicho halikioni mpaka kirundikane. Pua haikizuii, koo halikizuii, kinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Pampu za safari hii huvuta lita 5 kwa dakika. Kwa siku nzima ni lita 7,200, sawa na mita za ujazo 7.2. Hewa ikiwa palepale kwenye 15, kichujio kitaongezeka mikrogramu 108 tu. Punje ya mchanga yenye upana wa nusu milimita ina uzito kuzidi hapo. Alama ya kidole kwenye ukingo inatosha kuharibu kazi ya siku nzima, kwa hiyo kichujio kinashikwa kwa kibano, pembeni tu, na mkono una glavu.

Kabla ya kupimwa, vichujio vinakaa saa 24 kwenye chumba chenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Kampala ina unyevu mwingi na chembe zenye chumvi hunywa maji, kwa hiyo bila kuvituliza hivi utapima mvua ya jana badala ya moshi. Kisha kuna umeme tuli. Tefloni huushika kwa nguvu, na dalili yake ni namba ya mizani inayotambaa polepole bila kutulia. Dawa yake ni kifaa cha kutoa chaji, sekunde chache kila upande. Kila kichujio tunakipima mara mbili, na tofauti ikizidi mikrogramu 5 tunapima mara ya tatu.

Pembeni kuna vichujio vya aina ya pili, vya kwatzi, kwa ajili ya kaboni. Hivi havipimwi uzito kwa sababu kingo zake zinamomonyoka. Vinachomwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550 kwa saa sita ili kuondoa kaboni yote iliyomo, halafu vinafungwa kwa karatasi ya alumini nayo iliyochomwa. Kwatzi hunyonya mvuke wa mafuta na manukato kama sifongo, na vichujio vilivyosafiri kwenye buti moja na dumu la petroli vimekwisha kabla ya kufika.

Kwa nini aina mbili, na gharama yote hii, wakati kuna vipima hewa vidogo vinavyotoa namba papo hapo? Kwa sababu uzito pekee haukuambii umshike nani. Mikrogramu 60 za masizi ya dizeli na mikrogramu 60 za udongo wa barabarani ni sawa kwenye mizani, lakini dawa ya masizi ni injini na mafuta, na dawa ya udongo ni lami. Mji wenye fedha kidogo ukikosea hapo utamwagia maji barabara huku watu wakiendelea kuvuta moshi wa takataka.

Siku ya 2. Kampala, juu ya paa kilimani

Mashine ya kwanza inafungwa hapa na haiondoki mpaka tutakaporudi. Hii ndiyo shahidi wetu. Tukipata uchafu mwingi Jinja siku ya sita, lazima tujue Kampala siku hiyohiyo ilikuwaje. Bila shahidi anayekaa mahali pamoja, tofauti ya siku hugeuka kuwa tofauti ya mji, na ripoti nzima inasimama juu ya kosa. Mwenzetu mmoja anabaki kubadilisha vichujio kila asubuhi.

Mdomo wa mashine uwe kati ya mita 2 na 15 kutoka ardhini, mita moja au zaidi kutoka ukuta wowote, mita 10 kutoka kwenye miti. Usiwe karibu na bomba la moshi la jikoni. Jenereta ya jengo nayo iangaliwe: mara nyingi iko nyuma, kimya, na inawashwa saa ambayo umeme umekatika na wewe umekwenda zako.

Kisha mtiririko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama asilimia 13 chini ya la pwani. Kipima mtiririko kilichoandaliwa kwa hewa ya usawa wa bahari kitakuonyesha lita 5 ilhali pampu inavuta zaidi ya hapo. Kosa hilo linaingia mara mbili: hesabu ya ujazo inapotoka, na saiklon inayotenganisha chembe kubwa na ndogo inakata mahali pengine. Saiklon hufanya kazi kwa mwendo wa hewa inayozunguka ndani yake. Hewa ikienda kasi kupita kiasi, inatupa hata chembe za mikromita 2. Ikienda polepole, inapitisha vumbi nene. Pima mtiririko halisi wa hapo ulipo, mwanzo na mwisho, na ukipotoka zaidi ya asilimia 5 kichujio hicho kiwekewe alama.

Jambo la saa nalo lisidharauliwe. Mashine inaandika 09:00, msaidizi anaandika kwenye fomu "saa 3". Miezi miwili baadaye mtu wa maabara anasoma 3 kama saa tisa usiku, na sampuli ya saa 24 inakuwa ya saa 18. Kwenye fomu zetu muda unaandikwa kwa tarakimu nne kama saa ya mashine, hata kama mdomoni kila mtu anasema saa tatu.

Paa la jirani lina kipima hewa cha AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015 na kutengeneza vifaa vyake hapahapa Uganda. Vifaa vya aina hii hupitisha mwanga wa leza kwenye hewa na kusoma mwanga unaotawanyika. Vinakupa saa kwa saa kile ambacho kichujio kinajumlisha kwa siku nzima, na hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni alfajiri yenye ukungu: chembe zenye salfeti, yaani chumvi ya salfa, zikipita unyevu wa asilimia 80 zinanywa maji na kuvimba, na leza inaona moshi mwingi kuliko uliopo. Kwa hiyo vinahitaji kusahihishwa kwa kichujio kilichopimwa mahali palepale.

Siku ya 3. Bondeni, upande wa Katwe

Kampala ni vilima, na katikati ya vilima ni mabonde yenye mafunjo, maji machafu, karakana na nyumba zilizobanana. Usiku hewa baridi huteremka na kukaa bondeni kama maji kwenye bakuli, na juu yake tabaka la hewa yenye joto linakuwa kifuniko. Sigiri zinawashwa jioni, teksi na boda boda zinarudi nyumbani, na moshi hauna pa kwenda. Asubuhi hadithi ni ileile mpaka jua lipashe ardhi na upepo wa ziwa uanze. Kwa hiyo umbali wa kilomita mbili kati ya kilima na bonde unaweza kuleta hewa mbili tofauti kabisa, na mji mkubwa kama huu hauwezi kuelezwa kwa mashine moja.

Kichujio cha hapa tumekipangia dakika 15 za kuvuta na dakika 15 za kupumzika. Mahali penye moshi mzito kichujio hujaa kabla ya saa 24, pampu inahema, mtiririko unashuka. Kwa mpango wa nusu kwa nusu unapata siku nzima bila kukiziba, mradi ukumbuke kwamba ujazo sasa ni mita 3.6, si 7.2.

Asubuhi kilitoka cheusi kidogo, chenye ukahawia pembeni. Weusi ni kaboni tupu, yaani masizi. Ukahawia ni kaboni oganiki ya moshi wa vitu vilivyoungua kwa moto hafifu. Rangi hizo zinaonekana kwa macho, lakini zinadanganya. Masizi kidogo tu hufunika kila kitu, na salfeti ambayo huenda ni sehemu nzuri ya uzito haina rangi hata kidogo.

Kaya zilizo nyingi nchini Uganda hupika kwa kuni au makaa, na wengi hudhani kuni na makaa ni moshi mmoja. Kwa maabara si mmoja. Mti ukiungua, selulosi yake hupasuka na kutoa kitu kinachoitwa levoglukosani, na hakuna chanzo kingine cha maana cha kitu hicho. Ni kama muhuri. Lakini makaa yameshapitia moto kwenye tanuri la msituni, selulosi yake ilikwisha huko, kwa hiyo sigiri ya makaa Kampala hutoa levoglukosani kidogo sana. Ukiona muhuri huo kwa wingi mjini, tazama kuni za shule na hoteli, matanuri ya matofali mabondeni, nyasi zinazochomwa, na karatasi ndani ya takataka. Anayesoma levoglukosani na kulaumu sigiri ya mama wa chapati amesoma vibaya.

Siku ya 4. Kandokando ya jiji, palipo na moto wa takataka

Hapa ndipo tungeomba muda zaidi. Taka za Kampala zilipelekwa kwa miaka mingi Kiteezi, jaa lililoporomoka Agosti 2024 na kuua watu waliokuwa wakiishi chini yake. Lakini moshi wa taka hautoki jaani tu. Unatoka nyuma ya nyumba, mtaroni, sokoni jioni, kwenye rundo dogo la maganda ya matoke, kaveera (mifuko ya plastiki), matambara na chupa, linalofuka usiku kucha bila kutoa mwali. Mwali ukiwapo moto unakula sehemu kubwa ya moshi wake. Rundo linalofuka linatema mafuta ya moshi moja kwa moja, na linafanya hivyo usawa wa dirisha la mtoto aliyelala.

Alama zake ni nyingi na kila moja ina mtego. Kloridi hutoka kwenye plastiki za PVC na pia kwenye chumvi ya mabaki ya chakula. Antimoni hutumika kutengeneza chupa za maji na kuzuia moto kwenye plastiki, kwa hiyo huonekana kwenye moshi wa taka. Lakini antimoni hutoka pia kwenye breki za magari. Namna ya kutofautisha ni kuangalia imeongozana na nani. Ikija na shaba na bariamu, ni breki. Ikija na kloridi, na hasa ikija na trifenilibenzini ambayo huzaliwa plastiki inapoungua, ni taka. Zinki nayo ina nyuso tatu: matairi yanayochomwa, oili ya injini, na mabati yanayoyeyushwa viwandani. Elementi moja peke yake haitoshi kumshtaki mtu.

Risasi ingali inatafutwa. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo risasi ikionekana leo kwenye kichujio tunaangalia betri kuukuu zinazovunjwa, rangi, na vyuma chakavu.

Mashine hapa ikae mita kadhaa upande ambao upepo hautoki motoni moja kwa moja. Lengo ni kupima hewa ya mtaa. Mkiifunga juu ya moto mtakuwa mmepima moto mmoja. Hata hivyo kichujio kimoja cha dakika 20 hasa ndani ya moshi kina thamani yake: ndicho alama ya vidole ya chanzo, tutakayolinganisha nayo baadaye. Kiandikwe waziwazi kuwa ni cha chanzo, kisichanganywe kamwe na vya hewa ya kawaida.

Siku ya 5. Barabara ya Jinja: Lugazi, Mabira

Kilomita 80 hivi. Njia za pembeni ni za murramu, na gari moja likipita kiangazi linaacha ukuta mwekundu. Udongo huu una chuma, alumini na titani kwa wingi na kalisiamu kidogo. Tulikusanya gramu 50 za vumbi la barabarani kwa brashi safi ya nailoni, sehemu tatu, tukaweka kwenye mifuko ya karatasi. Maabara italichekecha, kulipeperusha ndani ya sanduku na kulivuta kupitia saiklon ileile, ili tupate sura ya udongo wa Uganda wenyewe badala ya kuazima ya ng'ambo. Faida yake itaonekana siku ya tisa.

Lugazi kuna mashamba ya miwa. Majani yakichomwa kabla ya kuvuna, masizi makubwa huanguka kwenye nguo zilizoanikwa, na hayo watu huyaona na kuyalalamikia. Yale madogo hayaanguki. Potasiamu iyeyukayo majini ndiyo huyafichua, kwa sababu majani na nyasi vina potasiamu nyingi kuliko shina la mti.

Mabira tulisimama bila kuweka kichujio. Saa mbili za kuvuta ni mita za ujazo 0.6, na penye hewa ya mikrogramu 20 tungepata mikrogramu 12 tu juu ya kichujio, karibu na makosa ya mizani yenyewe. Kipima cha leza kilitosha.

Siku ya 6. Jinja

Mto Naili unatoka ziwani hapa, bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa hapa 1954, na viwanda vikaufuata umeme. Leo vimo vinavyoyeyusha vyuma chakavu. Chuma chakavu huja na rangi, mabati na plastiki, na tanuri likipanda joto zinki na risasi huwa mvuke, kisha hupoa hewani na kuwa chembe ndogo mno, nyingi chini ya mikromita moja. Chuma na manganizi huandamana nazo. Kwa hiyo chuma cha kichujio cha Jinja kinaweza kuwa cha udongo au cha tanuri, na jibu liko kwenye uwiano wake na alumini na silikoni: udongo hauachani nazo, tanuri huachana nazo.

Usiku umeme ulikatika kwa muda wa saa nne, jambo la kutegemea hata mji wenye bwawa. Pampu na saa yake hula wati 20 hivi, kwa siku ni wati-saa 480. Betri ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Inatosha siku moja, haitoshi mbili. Wanaoweka betri ndogo "kwa dharura" hupata kichujio kilichosimama kwa muda wa saa nane usiku, na bahati mbaya ndizo saa za baridi na moshi.

Saiklon ilifunguliwa hapa na kusafishwa. Baada ya siku tano za kiangazi kikombe chake kilikuwa na vumbi jekundu la kujaa kucha. Likiachwa, chembe kubwa zinadunda na kupita hadi kwenye kichujio. Pombe ya maabara, kitambaa kisichoacha nyuzi, na usiguse mpira wa kuziba kwa bisibisi.

Siku ya 7. Tororo

Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka mbali, na chini yake kuna chokaa iliyovuta viwanda vya saruji tangu miaka ya 1950. Kichujio cha hapa kilitoka chenye rangi ya kijivu kilichofifia. Alama ni kalisiamu. Udongo mwekundu tulioukusanya njiani una kalisiamu kidogo, kwa hiyo ikipanda ghafla kulinganisha na chuma, saruji au chokaa imeingia.

Sehemu kubwa ya vumbi la saruji ni nene na saiklon inalitupa. Hivyo mtu anaweza kukaa ndani ya vumbi jeupe linalofunika paa lake na bado PM2.5 isipande kwa kiasi kilekile. Hiyo haimaanishi halimuumizi. Inamaanisha kwamba Tororo inahitaji pia kipimo cha PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10.

Kuna mtego wa maabara ambao huwakamata hata wazoefu. Chokaa ni kabonati. Kichujio cha kwatzi kinapopashwa ili kupima kaboni, kabonati hupasuka joto likiwa juu na kutoa kaboni dioksidi, na mashine huisoma kama kaboni ya moshi. Sampuli za Tororo tunazipitisha kwanza kwenye mvuke wa asidi ya haidrokloriki ili kabonati iondoke, na kipande kingine kinapimwa bila asidi. Tofauti yao ndiyo chokaa. Anayetumia asidi asitumie kipande hichohicho kupima kloridi.

Siku ya 8. Malaba

Kilomita 15 hivi na unaingia kwenye foleni ya malori ya mpaka wa Kenya. Hapa Kiswahili ndicho lugha ya kazi, cha Mombasa, cha Kampala na cha Kigali vikikutana dirishani. Dereva mmoja alisimama chini ya nguzo tuliyofunga mashine.

"Ndugu, hiyo inapiga picha?"

"Hapana, mzee. Inavuta hewa tu. Kesho tutaona moshi wa hapa una nini ndani."

"Basi andikeni hata sisi tunalala ndani ya moshi huo."

Tumeandika. Lori lenye injini inayonguruma bila kusogea hutoa masizi karibu kabisa na mdomo wa mtu, na dereva hulala ndani yake. Hapa kaboni tupu hupanda ikilinganishwa na kaboni oganiki, kinyume cha moshi wa kuni ambao oganiki hutawala. Uwiano huo wa kaboni mbili ndio kipimo cha haraka zaidi cha kutenganisha dizeli na kuni, ingawa moto mkali wa kuni kavu nao unaweza kusogea upande wa dizeli.

Salfa ni jambo jingine. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki cha dizeli ni sehemu 50 za salfa kwa milioni, chini sana ya zamani. Kwa hiyo salfeti nyingi kwenye kichujio cha Uganda isihesabiwe moja kwa moja kuwa ya malori. Salfeti haitoki bombani tayari. Huundwa hewani kutokana na gesi ya salfa dioksidi kwa saa au siku kadhaa, na katika muda huo upepo umeibeba mbali. Magharibi mwa nchi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira humwaga salfa dioksidi kwa wingi mno. Kabla ya kumshtaki jirani, angalia upepo ulitoka wapi siku tatu zilizopita.

Vivyo hivyo kwa moshi wa nyika. Desemba hadi Februari moto wa nyasi uko kaskazini, Sudan Kusini na Uganda ya kaskazini. Juni hadi Agosti uko kusini, Kongo, Zambia na Angola. Vyote viwili ni viangazi vyetu. Mvua haipo ya kuosha, na moshi wa wageni unakutana na wa nyumbani.

Kichujio kilitolewa saa tatu kamili asubuhi na kuwekwa kwenye kasha la barafu dakika ileile. Amoniamu naitreti hugeuka gesi kwenye joto, na kichujio kilichosahauliwa juani ndani ya mashine mpaka adhuhuri hupoteza sehemu ya naitreti yake bila kuacha dalili yoyote.

Siku ya 9. Kurudi Kampala, maabara

Kilomita zaidi ya 200, kasha likifunguliwa mara moja tu kubadilisha barafu. Kazi inayofuata ina mpangilio wake. Tefloni inapimwa uzito kwanza, kisha eksirei ya kutambua elementi kuanzia alumini hadi risasi. Eksirei haiharibu kichujio, lakini hufanyika kwenye ombwe na naitreti hutoroka, kwa hiyo chumvi tunazipima kwenye kwatzi. Kutoka kwatzi tunakata kipande cha sentimita za mraba 1.5 kwa kaboni, na kilichobaki kinalowekwa kwenye maji safi kwa ajili ya salfeti, naitreti, amoniamu, potasiamu na levoglukosani. Eneo lenye moshi kwenye kichujio ni kama sentimita za mraba 12. Lipimwe kwa rula, lisikisiwe, kwa kuwa kila namba ya kwatzi inazidishwa kwa uwiano wa eneo hilo na kipande kilichopimwa.

Kisha tunajumlisha. Huu ni mfano wa hesabu, si matokeo ya safari. Tuseme mizani imetoa mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo. Kaboni oganiki 15, mara 1.6 ili kuongeza oksijeni na haidrojeni iliyoshikamana nayo, ni 24. Kaboni tupu 6. Salfeti 3 mara 1.375, ili kuongeza amoniamu yake, ni 4.1. Naitreti 1 mara 1.29, kwa sababu hiyohiyo, ni 1.3. Udongo, pamoja na oksijeni iliyoshikamana nao, ni alumini mara 2.20, silikoni mara 2.49, kalisiamu mara 1.63, chuma mara 2.42 na titani mara 1.94, tuchukue 1.0, 1.6, 0.4, 0.9 na 0.1, jumla 9.2. Vingine vidogo 2. Tumefika 46.6. Kilichobaki ni maji na makosa, na hapo hesabu imefunga vizuri. Ikizidi 50 kwa mbali, kosa la kwanza la kutafuta ni kile kizidisho cha 1.6: moshi mpya wa magari unataka 1.4, moshi wa kuni uliokaa hewani unaweza kufika 2.

Hapa ndipo mifuko ya vumbi la Lugazi inapolipa. Kanuni inayotumika sana Marekani huondoa potasiamu ya udongo kwa kuzidisha chuma mara 0.6, kinachobaki kinahesabiwa moshi. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Kanuni hiyo itakata potasiamu kupita kiasi na kuufuta moshi wa kuni kwenye karatasi, ilhali watu wanaukohoa. Tumia uwiano wa udongo wako, au potasiamu iyeyukayo majini peke yake.

Asilimia za kila chanzo hazitoki kwenye siku tisa. Kwa hesabu ya kutenganisha vyanzo inayoitwa PMF tunataka sampuli mia moja au zaidi kutoka mahali pamoja, misimu yote. Kuvuta siku moja katika kila tatu kunatoa kama 120 kwa mwaka. Siku moja katika kila sita kunatoa 60 na bado kila siku ya juma inapata zamu yake, Jumapili tulivu na Ijumaa ya foleni. Safari imetupa alama za vidole za vyanzo na mahali pa kufunga mashine za kudumu: bondeni Kampala, Jinja, na Malaba.

Mwisho vikapimwa vichujio vitupu, vilivyosafiri njia nzima na kufungwa kwenye mashine bila pampu kuwashwa, kimoja kwa kila kumi. Kile cha Malaba kiliongezeka uzito kuliko cha Kampala, maana tulikibadilisha kando ya barabara lori likipita. Kiasi hicho kinatolewa kwenye sampuli za Malaba, na kwenye fomu mpya tumeongeza mstari: kubadilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa. Kichujio cha paa la Kampala kimewekwa kipya leo saa 09:00. Kinachofuata ni baada ya siku tatu.